Safari ya Siku Moja Kutazama Picha za Kanisa la Murang'a

Wako watu wadhanio kwamba picha zenye historia zapatikana Ulaya tu. Ni kweli kwamba katika mji wa Padova, nchi ya Italia, liko kanisa dogo la Scrovegni, ambalo kuta zake zilichorwa na Giotto, akamaliza yapata mwaka 1305. Wageni wengi huenda huko kwa safari ya siku moja. Lakini mtu akaaye Kibera au Kawangware aweza kutoka asubuhi, akaona picha za ukutani zilizochorwa katika nchi yake kwa sababu nzito, na jioni akalala nyumbani kwake.

Safari yenyewe

Panda matatu hadi katikati ya Nairobi, kisha upande nyingine iendayo Murang'a. Utapita Thika, Kenol na Maragua, mwendo wa kilomita zipatazo 85. Yafaa kuondoka mapema, na kuchagua siku isiyo na ibada. Ukifika, waombe ruhusa walinzi wa kanisa kabla ya kuingia, maana hapo ni mahali pa sala.

Kanisa na sababu yake

Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Fort Hall. Mnamo Oktoba 1952 Serikali ilitangaza Hali ya Hatari, nayo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Katika miaka hiyo watu wa wilaya hii waligawanyika. Wengine walikula kiapo wakaingia msituni. Wengine walikataa, na baadhi yao wakauawa. Maelfu walitiwa kizuizini, na watu wengi wakahamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao na kuwekwa katika vijiji vilivyolindwa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury.

Mchoraji wa picha zake ni Elimo Njau, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1932, katika nchi ya Wachaga, akasomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda. Alizimaliza picha hizo mwaka 1959, angali kijana. Nazo ni tano: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na Kusulubiwa.

Jinsi ya kuzitazama

Kwanza, simama mbali uione picha nzima. Pili, sogea karibu uzitazame nyuso na mikono. Tatu, tafuta kitu ukijuacho.

Hapo ndipo utakapoona jambo kubwa. Yesu ni Mwafrika, na watu waliomzunguka ni Waafrika. Siku zile picha nyingi zilizotundikwa makanisani na mashuleni zilimwonyesha kama Mzungu. Giotto naye, miaka 650 iliyotangulia, aliwachora watu wa Biblia wakiwa na miili mizito na machozi ya kweli, mithili ya jirani zake. Wachoraji hao wawili waliishi mbali mno kwa nchi na kwa nyakati, lakini kila mmoja aliileta habari ya kale karibu na watu wake.

Basi fikiri habari za mjane ambaye mumewe aliuawa, na jirani yake ambaye ndugu yake amerudi kutoka kizuizini. Wote wawili waingia kanisani, na hawasemezani. Mbele yao yuko mtu mweusi aliye katika uchungu wa Gethsemane. Picha haiwezi kuwapatanisha kwa nguvu; lakini yawaonyesha huzuni moja ambayo kila mmoja aifahamu kuwa yake. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa mahali palipojeruhiwa.

Kurudi nyumbani

Kazi hii haikuishia Murang'a. Mwaka 1965 Njau alishiriki kuanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa mjini Nairobi. Na huko Kibera, mwaka 2001, wachoraji wa mabango walianzisha kikundi cha Maasai Mbili, ambacho kilianza na rangi za vibao vya maduka. Kwa hiyo usimdharau kijana achoraye bango la kinyozi mtaani kwako. Mchukue mwanao katika safari hii, naye akirudi mpe karatasi achore habari ya kale kana kwamba ilitukia mbele ya mlango wenu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kanisa la Murang'a lilijengwa?
2. Njau na Giotto walifanana katika jambo gani?
3. Ni habari gani ya mtaa wako istahiliyo kuchorwa ukutani, na ni nani atakayeitazama kwa uchungu?