Wabunge Wamuaga Mwenzao

Mtu akifariki kijijini, majirani huweka majembe chini. Hukusanyika msibani. Kabla ya maziko, ndugu mmoja husimama akasoma wasifu wa marehemu. Husema marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani na ameacha nani.

Bunge nalo lina desturi kama hiyo. Mbunge akifariki, Spika huwatangazia wabunge. Wabunge husimama kimya kwa muda mfupi. Tena wale waliomfahamu hutoa salamu za rambirambi. Hata aliyekwisha kuacha ubunge huweza kukumbukwa hivyo. Tusome habari za mmoja wao.

Kifo cha Mzee Sitta

Mzee Samuel Sitta alifariki tarehe 7 Novemba 2016. Alikuwa akitibiwa nchini Ujerumani. Umri wake ulikuwa miaka 73. Wakati huo hakuwa mbunge tena, kwani ubunge wake ulikwisha mwaka 2015.

Mwili wake uliletwa nyumbani Tanzania. Kabla ya kuzikwa ulipelekwa Dodoma, kwenye Bunge, ili wabunge wamuage. Miongoni mwa wafiwa alikuwa mjane wake, Mama Margaret Sitta. Yeye mwenyewe alikuwa Mbunge wa Urambo wakati huo. Kisha marehemu alipelekwa kwao Urambo, Mkoa wa Tabora. Alizikwa huko tarehe 12 Novemba 2016.

Kwa nini alipewa heshima hiyo?

Mzee Sitta aliingia Bungeni mara ya kwanza mwaka 1975. Mwaka 2005 wabunge walimchagua kuwa Spika. Aliwaambia kwamba anataka Bunge la kasi na viwango. Maana yake ni kwamba kazi ifanyike upesi, tena ifanyike vizuri.

Mwaka 2007 Bunge lilipata Kanuni mpya. Kwa Kanuni hizo, wabunge walipata nafasi ya kumwuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo kila Alhamisi.

Mwezi wa Februari 2008 jambo kubwa lilitokea. Kamati Teule ya Bunge ilikuwa imechunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Spika Sitta aliruhusu taarifa ya kamati isomwe Bungeni, wananchi wakisikia. Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, alijiuzulu. Waziri Mkuu huyo na Spika walikuwa wa chama kimoja.

Watu wengi walimsifu Spika. Wengine walimkasirikia, hata ndani ya chama chake. Mwaka 2010 chama chake kiliamua kwamba wagombea wake wa uspika wawe wanawake. Bibi Anne Makinda akachaguliwa. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Mwaka 2014 Mzee Sitta aliongoza Bunge Maalum la Katiba. Hapo wapinzani wengi waligombana naye. Mwezi wa Aprili walitoka nje ya ukumbi, wasirudi.

Je, wagombanao waweza kuagana?

Ndugu msomaji, fikiri juu ya jambo hili. Mzee Sitta hakuwapendeza watu wote. Waliompenda mwaka 2008 si wote waliompenda mwaka 2014. Hata hivyo, alipokufa, Bunge lilimpa heshima.

Kumheshimu marehemu si kusema kwamba hakukosea kamwe. Ni kutaja kazi yake kwa haki. Mtu aweza kusema, "Tulibishana naye, lakini kazi hii aliifanya." Maneno hayo yana uzito kuliko sifa tupu. Wahenga walisema, wema hauozi.

Tena kuna jambo la pili. Maneno yanayosemwa Bungeni huandikwa katika kitabu kiitwacho Hansard. Wajukuu wataweza kuyasoma. Neno la mdomo hupita na upepo, bali neno lililoandikwa hubaki.

Sisi nasi tunajua kuandika sasa. Katika kijiji chetu wako wazee waliochimba kisima, waliojenga shule na waliosuluhisha ugomvi wa mashamba. Wengine tulibishana nao mikutanoni. Wakifa bila habari zao kuandikwa, watoto watakunywa maji ya kisima wasijue nani alikichimba. Tuwaulize wazee wangali hai. Tuandike majina, miaka na kazi zao.

Maneno magumu

Spika: mtu anayeongoza mikutano ya Bunge.
Wasifu: habari za maisha ya mtu.
Rambirambi: maneno ya kuwapa pole wafiwa.
Kanuni: taratibu za kufuata katika kazi.
Kujiuzulu: kuacha cheo kwa kutaka mwenyewe.

Maswali

1. Mzee Sitta alichaguliwa kuwa Spika mwaka gani?
2. Maneno "kasi na viwango" yana maana gani?
3. Kwa nini watu wengine walimkasirikia?
4. Jadilianeni: Je, ni vizuri kutaja ubishi wetu na marehemu siku ya msiba? Kwa nini?

Kazi ya kuandika

Chagua mzee mmoja wa kijiji chako. Mwulize habari za kazi yake. Andika sentensi 6 juu yake, kisha msomee mwenyewe azisikie.