Somo nyumbani, mazoezi darasani: mwanafunzi anafaidika nini?

Mwaka 2007, walimu wawili wa kemia huko Woodland Park, Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi kwa sababu ya michezo na safari. Baadaye wakageuza utaratibu mzima: maelezo yasikilizwe nyumbani, mazoezi yafanyike darasani. Mtindo huo umeenea, na mwalimu anayeufikiria huuliza mambo mawili: je, wanafunzi watajiamini zaidi, na je, wataupenda?

Kujiamini kwanza. Mwenye haya ya kunyoosha mkono anaweza kuirudia video hata mara tano bila kuchekwa na mtu. Lakini kazi kubwa hufanyika darasani. Chukua kusawazisha milinganyo ya kemikali: mwanafunzi anayeunganisha haidrojeni na oksijeni kupata maji huandika H₂O₂ ili hesabu ya oksijeni itimie, badala ya kuweka 2 mbele ya H₂O. Akikosea hivyo usiku nyumbani, analala na kosa lake. Akikosea mwalimu akipita kati ya madawati, anasahihishwa papo hapo, na swali linalofuata analipata mwenyewe. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa chanzo kikuu cha mtu kujiamini ni kuifanya kazi mwenyewe na kufaulu.

Kuridhika ni suala jingine. Uchambuzi wa tafiti 114, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta wanafunzi wa madarasa haya wakijifunza zaidi kidogo, ila hawakuridhika zaidi kuliko wenzao. Mwaka huohuo, watafiti wa Harvard walionyesha kuwa wanafunzi wa fizikia walioshughulika wenyewe darasani walipata alama za juu kuliko waliosikiliza mhadhara, huku wakiamini wamejifunza kidogo. Si ajabu: mhadhara mzuri hushuka bila kukwama, kufikiri kunachosha. Kwa hiyo manung'uniko ya wiki za mwanzo yasikutishe. Waeleze wanafunzi mapema kwa nini umebadilisha utaratibu.

Ukiamua kujaribu, rekodi fupi inatosha, dakika kumi hivi. Fungua kipindi kwa maswali mawili matatu ya haraka, maana uchambuzi ule ulikuta matokeo bora zaidi palipokuwa na majaribio ya namna hiyo, na pale ambapo saa za darasani hazikupunguzwa. Shule inayogeuza darasa ili ipunguze vipindi inajidanganya.

Na asiye na bando, au anayelala bweni bila simu? Mpe karatasi mbili zilizoandikwa vizuri, au kurasa za kitabu pamoja na maswali ya kumwongoza. Bila hivyo atafika darasani mikono mitupu, na kujiamini kwake kutashuka badala ya kupanda. Mzazi naye asimfanyie kazi. Amwombe tu aeleze alichokisoma.

Anza na mada moja, si muhula mzima, kisha pima kwa alama na kwa maoni ya wanafunzi. Alama zitangulie.