Ruta na Anwani: Sanduku Moja, Wenye Barua Wengi

Mwanafunzi wa bweni mjini Tanga hana sanduku la posta lake mwenyewe. Barua yake huandikwa jina lake, jina la shule, na S.L.P. ya shule. Posta haijui analala bweni gani. Kazi yake huishia kwenye sanduku, na ugawaji wa barua hufanywa na karani wa shule. Ruta, chombo kinachounganisha nyumba au ofisi na intaneti, hufanya kazi ya karani huyo.

Simu iliyounganishwa na ruta ikichunguzwa katika mipangilio yake, huweza kuonekana anwani kama 192.168.1.5. Simu nyingine iliyoko Pangani, chini ya ruta nyingine, yaweza kuwa na anwani hiyo hiyo bila ya kuleta mgongano, kwa kuwa anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Kila darasa lina mwanafunzi namba 5 katika daftari la mahudhurio, wala hakuna anayeshangaa. Ruta ndiyo hugawa namba hizi, tena kwa muda. Ya leo si lazima iwe ya kesho.

Kwa upande wa nje, ruta ina anwani moja iliyopewa na kampuni ya mawasiliano. Ubahili huu una sababu ya kihesabu. Anwani za IPv4, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 1981, zina tarakimu 32, kila moja ikiwa 0 au 1. Basi jumla yake ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296, idadi iliyo ndogo kuliko ya watu duniani. Akiba kuu ya anwani hizo ilikwisha Februari 2011. IPv6, yenye tarakimu 128, inaondoa uhaba huo, lakini bado haijachukua nafasi ya ile ya zamani kila mahali.

Ombi linapotoka, ruta huondoa anwani ya ndani, huweka yake ya nje pamoja na namba ya mlango, tuseme 40001, kisha huandika katika jedwali lake kwamba 40001 ni ya 192.168.1.5. Jibu likirudi, jedwali husomwa kinyume. Hapa mfano wa karani una kasoro: yeye husoma jina, ruta husoma namba tu. Kitu kisichoombwa hakimo katika jedwali, hivyo kwa kawaida hutupwa. Wapo wanaodhani kwamba hicho ni kinga kamili. Sivyo: nywila ya kiwandani isipobadilishwa, mtu aliyeingia katika mtandao wa ndani aweza kuipanga ruta apendavyo.

Taa ya Wi-Fi ikiwaka huthibitisha jambo moja tu, kwamba ruta inatangaza mawimbi yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Ruta zilikuwa nzima. Kuzizima na kuziwasha kusingefaa kitu. Mwalimu anayetaka kujua hitilafu iko upande gani na aandike anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, katika kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka ilhali kurasa za nje hazifunguki, njia kati ya kompyuta na ruta ni nzima. Hatua ifuatayo ni kukagua waya au laini inayotoka kwenye ruta, kisha kuiarifu kampuni.