Sanamaki ya Kismayu

Nataka kueleza habari za majani ambayo wengi wetu tumenyweshwa utotoni, huku tumeziba pua, tusijue hata yalitoka wapi. Majani hayo ni sanamaki.

Mimi ni mtoto wa Kibajuni. Bibi yangu alizaliwa Kismayu, mji ulio kusini kidogo ya Ikweta, karibu na mahali mto Juba unapoingia baharini. Kuelekea kusini vimepangika visiwa vyetu, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, mpaka karibu na Ras Kamboni mpakani mwa Kenya. Wazee husema jina la mji ni kisima cha yuu, maana Wabajuni husema "yuu" pale wengine wanaposema "juu". Mpaka 1925 mji huo ulikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya; mwaka huo ukapewa Waitaliano, na mwaka 1960 ukaingia katika Jamhuri ya Usomali. Vita vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua na majahazi mpaka Lamu na Mombasa, naye bibi alikuwa mmoja wao. Katika vitu vichache alivyovuka navyo kulikuwa na kopo la sanamaki. Kopo hilo liko jikoni mpaka leo, ingawa majani yaliyomo sasa ni ya kununua sokoni.

Mmea wenyewe ni kichaka kidogo, kimo chake mara nyingi hakifiki hata kiuno cha mtu. Ni wa jamii ya kunde. Maua yake ni ya manjano, na majani yake madogo membamba, yenye rangi ya kijani inayoelekea kijivu, hukaa mawili mawili katika kijiti kimoja. Maganda ya mbegu ni bapa kama karatasi, tena yamepinda kidogo. Haupendi mvua nyingi. Kwao ni nchi kavu, Usomali, Yemen, Sudan na Misri. Jina tunalolitumia ni la Kiarabu, maana yake sana ya Makka, na waganga wa Kiarabu waliuandika katika vitabu vyao vya dawa yapata miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Wazungu waliununua kutoka bandari ya Alexandria, ndiyo sababu wataalamu wa mimea wakauita Senna alexandrina. Zamani walidhani sana ya Sudan na sana ya Arabuni na Usomali ni mimea miwili mbalimbali, lakini siku hizi huhesabiwa kuwa mmoja.

Bibi anasema walipokuwa wasichana, sanamaki haikupandwa na mtu. Ilichumwa porini, nyuma ya mji, na wenye ngamia walipokuja kuuza maziwa na samli huleta na mafungu yake. Kazi ya kukausha ilikuwa ya wanawake. Matawi hukatwa asubuhi, umande ukiisha kukauka, yakatandazwa juu ya mkeka kivulini. Nasema kivulini, wala si juani, kwa sababu jua kali huyachoma majani yakawa ya hudhurungi. Huyageuza kila siku kwa mkono. Yakivunjika kwa sauti, basi yamekuwa tayari, yakikunjika, bado. Ndipo matawi hupigwapiga taratibu, majani yakaanguka, vijiti vikatupwa. Maganda hutiwa mbali, kwa kuwa nguvu yake ni ya upole zaidi na hupewa wazee.

Namna ya kuitengeneza chai yake ni hii. Twaa majani makavu kiasi cha gramu 1 au 2, yaani kufinya kwa vidole vitatu, uyaloweke katika kikombe cha maji baridi tangu alasiri, uchuje usiku, unywe ukienda kulala. Wengi huyachemsha, nao ndio wanaolalamika kwamba tumbo limewasokota. Bibi huongeza kipande cha tangawizi au shamari kidogo, ili kutuliza msokoto na kupunguza ule ukakasi. Haiwi tamu hata ukitia sukari ya kopo zima, msijaribu.

Sasa tuitazame kazi yake mwilini. Nguvu ya majani haya hutoka katika vitu viitwavyo senosidi, ambavyo Arthur Stoll na wenzake walivitenga huko Uswisi mwaka 1941. Ajabu yake ni kwamba senosidi ikimezwa haifanyi lolote tumboni wala katika utumbo mwembamba. Hupita tu kama abiria, mpaka ifike katika utumbo mpana. Huko bakteria huivunja na kuigeuza kuwa kitu kingine chenye ukali, nacho huuamsha utumbo usukume, tena huuzuia usinyonye maji. Safari hiyo huchukua saa 6 mpaka 12, na kwa hiyo dawa hunywewa usiku ifanye kazi asubuhi. Mkojo waweza kugeuka rangi ukawa kama mwekundu, mtu asiogope. Shirika la Afya Duniani limeitia sana katika orodha yake ya dawa za lazima, hasa kwa wagonjwa wanaofungwa choo kwa sababu ya dawa kali za maumivu.

Nilipojifunza hayo darasani nilijiona daktari. Likizo ya mwaka juzi mdogo wangu, mtoto wa miaka 10, aliamka akilia tumbo. Hakutaka kula, na hakuwa amekwenda choo tangu jana yake. Basi nikafungua kopo, nikachemsha ukufi mzima, kwa kuwa sikuwa na subira ya kuloweka. Bibi akanikuta na kikombe mkononi.

"Unampa nani hiyo?"

"Mdogo wangu, bibi. Amefungwa choo."

Hakunijibu. Alimwekea mtoto mkono juu ya paji la uso, kisha akambonyeza tumbo upande wa kulia, chini. Alipouondoa mkono, mtoto akapiga ukelele.

"Tumbo lenye homa halipewi sanamaki. Mwaga."

"Ni nusu kikombe tu, bibi."

"Nimesema mwaga, mjukuu wangu. Kisha katafute tuktuk."

Nikamwaga. Hospitalini daktari aliuliza mambo machache tu, na moja lilikuwa hili: je, mtoto amepewa dawa yoyote ya kuharisha? Nikasema la, nikatazama chini. Kilikuwa kidole tumbo kilichovimba, na usiku ule ule akapasuliwa. Daktari alinieleza kwamba dawa ya kuharisha huusukuma utumbo kwa nguvu, na kidole tumbo kilichojaa usaha chaweza kupasuka kikamwaga sumu yake tumboni mote. Baadaye nilimwuliza bibi alijuaje. Alisema Kismayu, alipokuwa mdogo, mtoto wa jirani alipewa, wakamzika siku ya tatu. Hakuongeza neno.

Liko jambo jingine linalonikera. Siku hizi majani haya haya huuzwa katika vipakiti vyenye picha ya msichana mwembamba, yakaitwa chai ya kupunguza unene, nami nimewaona wanafunzi wenzetu wakiyanywa kila usiku mwezi mzima. Hebu fikirini. Chakula hunyonywa katika utumbo mwembamba, na sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, wakati chakula kimekwisha kuingia damuni. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani hupungua, naam, lakini ukinywa maji hurudi pale pale. Pamoja na maji hupotea potasiamu, ambayo moyo huihitaji ili upige sawasawa. Madaktari hukataza kuitumia zaidi ya wiki moja bila shauri lao, na utumbo uliozoeshwa huweza kuwa mvivu.

Tena mwenye kuchuma mwenyewe asikosee akachuma mwingajini, ndugu yake sanamaki, ambao huota majalalani pwani nzima. Nao una maua ya manjano, lakini majani yake ni mapana yenye harufu mbaya ukiyafikicha, na maganda yake ni marefu membamba. Mbegu zake huweza kuwadhuru watoto na mifugo.

Bibi asema sanamaki ya sokoni hailingani na ile ya nyuma ya mji. Mimi sina njia ya kupima, maana sijafika Kismayu. Kama yuko miongoni mwa wasomaji, au wazazi wao, aliyewahi kuichuma huko akakumbuka walikuwa wakiikausha siku ngapi wakati wa kaskazi na siku ngapi wakati wa kusi, namwomba amwandikie mhariri. Bibi asema tatu na tano. Dada yake asema nne zote mbili, na hawajapatana.