Kupamba Ngazi kwa Krismasi

Mwezi wa Desemba, katika pwani ya Tanzania, mkrismasi huchanua maua mekundu. Ndiyo sababu ukapewa jina hilo, ingawa asili yake ni kisiwa cha Bukini. Lakini Iyunga, karibu na Mbeya, ni nchi ya juu yenye baridi. Huko hufaa matawi ya msonobari, mti unaostawi katika nyanda hizo, kama vile Sao Hill katika Mufindi.

Kazi huanza kwa kufagia ngazi, kwa kuwa Desemba ni mwezi wa mvua, na tope juu ya jiwe huteleza. Kisha matawi hufungwa kwa kamba upande wa nje wa kishikio, wala si juu yake, ili mkono upate mahali pa kushika. Tawi lisilazwe juu ya vidato. Wala mshumaa usiwekwe kati ya matawi, kwa maana msonobari una utomvu, na utomvu hushika moto upesi.

Mwisho hutundikwa nyota ya karatasi yenye ncha nyingi. Nyota hizo zilianza katika karne ya 19, katika somo la jiometri, kwenye shule ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891.

Kazi ikiisha, mmoja hupanda na kushuka akichukua ndoo ya maji. Mguu usipoteleza wala nguo isiponaswa, ngazi imepambwa vema. Mzee akianguka, uzuri wote ni bure.

Maswali
1. Kwa nini matawi hufungwa upande wa nje?
2. Ndoo ya maji huonyesha nini?