Chakula cha samaki wa kiziwa

Wewe mwenye kiziwa cha samaki, sikia. Wengine wanasema: «Samaki hanoni pasipo mafuta ya samaki.» Si kweli. Tilapia anatosheka na mafuta yaliyomo katika karanga na mbegu. Usinunue dagaa kulisha samaki. Dagaa wape watoto.

Mpe majani ya viazi vitamu, pumba za mahindi, na makapi ya karanga zilizokamuliwa mafuta. Makapi yenye ukungu, tupa. Majani ya muhogo yakatekate, yaanike juani kwanza, kwani mabichi yana sumu.

Lisha mahali pamoja kila siku. Chakula kikibaki, punguza: kikioza kinamaliza hewa ya maji. Ukiona alfajiri samaki wanahema juu, acha kulisha, ingiza maji mapya.