Bangkok: si kila homa ni malaria

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, wako wenzetu wanaosafiri mpaka Bangkok, mji mkuu wa Thailand, kununua nguo kwenye soko la Pratunam. Ukienda mara ya kwanza, shika haya:

1. Mbele ya safari. Pata chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Chukua karti yake. Anayetoka Kongo huulizwa.

2. Barabarani. Kule motokari hupita upande wa kushoto. Ukitaka kuvuka, tazama kwanza kuume.

3. Mbu. Mbu wa malaria huuma usiku. Bangkok yuko mwingine anayeuma mchana, naye huleta homa ya denge. Vaa mikono mirefu, jipake dawa ya mbu hata mchana.

4. Ukishikwa na homa. Usiseme upesi, «Ni malaria tu», ukameza aspirini. Hatari! Kwa mgonjwa wa denge, aspirini na ibuprofeni huzidisha kutoka damu. Kwa homa meza parasetamoli tu, kunywa maji mengi, enda lopitali wapime malaria na denge. Tumbo likiuma sana, ukitapika mara kwa mara au ufizi ukitoa damu, usingoje, hata kama homa imeshuka: piga simu 1669.

5. Ukirudi na homa. Mwambie munganga: «Natoka Bangkok.» Asipojua hayo, atatafuta malaria peke yake.